Jiwe la Lindi: Kilichobaki Tendaguru Mjusi Alipoondoka

Mwaka 2019 dinosaria aliyekufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Lindi, alipata jina jipya: Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza inawataja Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, ikaungwa na neno la Kilatini la mkia. Ya pili inamkumbuka Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa wachimbaji waliouibua mkia huo ardhini zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kabla ya hapo mkia huohuo ulihesabiwa kuwa wa mnyama mwingine, Janenschia, ambaye jina lake linamuenzi Mjerumani aliyeongoza uchimbaji. Yaani mali ileile imehamishwa daftari, ikatoka kwa bwana mkubwa ikaenda kwa mnyapara.

Watanzania wengi wakitajiwa Tendaguru, kilima ambako mkia huo ulichimbwa, humfikiria mnyama mmoja tu, yule mrefu aliyesimamishwa ndani ya jumba la makumbusho mjini Berlin, ambaye kwetu tumezoea kumwita mjusi. Mjadala wa kurudishwa kwake umekuwa mkubwa kiasi kwamba mengine yote ya Tendaguru yamekaa kivulini. Miongoni mwa hayo ni jiwe alimolala. Sehemu kubwa kabisa ya jiwe hilo haikupakiwa melini. Iko Lindi mpaka leo, na ndiyo inayoeleza mjusi aliishi wapi, alikula nini, alikuwa na majirani gani na mwisho wake ulikuwaje. Bila jiwe, mjusi wa Berlin ni rundo la mifupa mikubwa ya kushangaza, basi.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kiasi cha kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, kusini mwa Mto Mbwemkuru. Si mlima wa kupigia picha. Ni kilima cha kawaida katikati ya vichaka na miti ya miombo, na mtu asiyeambiwa anaweza kukipita bila kugeuza shingo. Hazina yake imo chini na pembeni, katika miamba mashapo yenye unene wa zaidi ya mita 100, ambayo sehemu yake kubwa ni mawe ya mchanga. Katikati ya mawe hayo kuna tabaka za udongo mgumu wa mfinyanzi, za mchanga laini sana, na mahali pengine za chokaa.

Jiwe la mchanga huanza kama mchanga wa kawaida, ule wa mtoni au ufukweni. Mchanga hulundikana mwaka baada ya mwaka, mzigo wa juu ukaukandamiza wa chini. Maji yanayopenya kati ya punje huacha chokaa na madini mengine, na hayo huzigundisha punje hadi zikawa mwamba. Kama ndani ya mchanga huo kulikuwa na mfupa, madini hupenya na humo pia, yakajaza vitundu vyake vyote na hata kuchukua nafasi ya baadhi ya yale yaliyokuwamo. Umbo hubaki la mfupa, uzito unakuwa wa jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Bahati inayohitajika ni kubwa, kwa sababu mzoga lazima ufukiwe kabla jua, mvua na walao mizoga hawajaumaliza. Wanyama walio wengi mno hufa wasiache hata jino.

Tendaguru bahati hiyo ilijirudia mara tatu. Wanajiolojia wamezihesabu tabaka tatu kuu zenye mifupa ya dinosaria, ya chini, ya kati na ya juu, na kila moja imefunikwa na tabaka la mchanga uliotandazwa na bahari. Zimepangana kama kanga zilizokunjwa sandukuni, iliyowekwa kwanza ikiwa chini kabisa. Za bahari zimejaa makombe na konokono wa maji ya chumvi, na wataalamu wamezipa majina ya viumbe hao. Za dinosaria zina mchanga na tope la pwani, mahali ambapo maji yalikuwa yakipwa na kujaa.

Kwa msomaji wa pwani picha hii haihitaji maelezo marefu. Mbele kulikuwa na fungu la mchanga linalovunja mawimbi. Nyuma yake kulikuwa na maji yaliyotulia, ya kina kifupi, kisha wangwa mpana uliofunikwa na maji nyakati za bamvua na kukauka baadaye. Nyuma ya wangwa ndipo ilipoanza nchi kavu yenye misitu. Miti iliyotawala haikuwa mikoko wala minazi, maana mimea itoayo maua ilikuwa bado haijashika dunia. Chavua iliyohifadhiwa ndani ya mawe inaonyesha kwamba misitu ile ilikuwa hasa ya miti ya jamii ya misonobari, na chini yake palikuwa na kangaga. Hali ya hewa ilikuwa ya joto, yenye msimu wa mvua na msimu mrefu wa ukame.

Ramani nayo ilikuwa nyingine kabisa. Afrika ilikuwa ingali imeshikana na Amerika ya Kusini, na Lindi yenyewe ilikuwa kusini zaidi ya ilipo leo. Upande wa mashariki nchi kubwa ya Gondwana ilikuwa imeanza kupasuka, na kipande chenye Madagaska na Bara Hindi kilikuwa kikijitenga polepole na Afrika. Katika mpasuko huo ndimo ilimoingia bahari changa ambayo leo tunaiita Bahari ya Hindi. Kwa hiyo dinosaria wa Tendaguru walitembea kwenye fukwe za kwanza kabisa za bahari iliyokuja kuleta majahazi ya Kilwa.

Bahari ile ilifanya jambo jingine la maana kwa sayansi. Iliacha tarehe. Miamba ya Morrison ya magharibi mwa Marekani, ambayo ina dinosaria wa umri unaokaribiana na wa Lindi, ni ya nchi kavu, na umri wake umepimwa hasa kwa kutumia majivu ya volkeno yaliyonaswa ndani yake. Tendaguru umri umesomwa zaidi katika viumbe wa baharini. Aina fulani za amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi waliokuwa na magamba ya mviringo, ziliishi kwa muda unaojulikana kisha zikatoweka duniani kote. Ukizikuta katika tabaka, unajua tabaka hilo ni la wakati gani. Ndiyo maana wataalamu wanaweza kusema kwamba sehemu kubwa ya mifupa ya Tendaguru ni ya mwisho wa kipindi cha Jurasiki, na kwamba sehemu ya juu kabisa ya miamba inaingia katika mwanzo wa kipindi cha Kretasia kilichofuata.

Jinsi mifupa mingi hivyo ilivyokusanyika mahali pamoja kumezusha ubishi wa muda mrefu. Wachimbaji wa kwanza walikuta miguu ya baadhi ya wanyama wakubwa imesimama wima ndani ya mwamba, wakaona kwamba wanyama hao walizama kwenye tope la wangwa wakashindwa kujinasua. Mwaka 1980 watafiti wengine walipendekeza ukame, kwamba makundi ya dinosaria yalifia karibu na pwani baada ya maji ya bara kukauka. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa mifupa mingi ilikaa juani muda mrefu kabla ya kufukiwa, na kwamba kila tabaka lilikusanya mizoga ya vizazi vingi. Huenda kila upande una sehemu ya ukweli. Anayesema Tendaguru ni kaburi la siku moja la msiba mmoja amesikiliza hadithi kuliko jiwe.

Simulizi ya kuvumbuliwa kwa mifupa huanza, katika vitabu vingi, mwaka 1906, pale Bernhard Sattler, mhandisi Mjerumani aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni moja ya Lindi, alipouona mfupa mkubwa umejitokeza njiani karibu na kilima. Lakini njia haijichongi yenyewe. Huchongwa na nyayo za watu, na watu wa eneo lile walikuwa wakipita hapo na kulima kandokando kabla Sattler hajafika. Alichofanya Sattler ni kupeleka habari kwa wenye uwezo wa kuifanya iwe sayansi, na wenye meli. Mwaka uliofuata profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart, aliyekuwa safarini Afrika Mashariki, alifika kilimani, akachukua mifupa kadhaa na kwenda kuitangaza Ulaya. Makumbusho ya Berlin yakaanza kuchangisha fedha.

Tarehe hizo hazina budi kusomwa pamoja na tarehe nyingine. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi na kuenea kusini nzima. Wajerumani walivizima kwa bunduki na kwa njaa, wakachoma vijiji, maghala na mashamba. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kufikia watu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Msafara wa Berlin ulipofungua kambi Tendaguru mwaka 1909, nchi ilikuwa bado ina makovu mabichi. Vijana waliojitokeza kuchimba walikuwa wakitafuta ujira katika uchumi uliovunjwa, na serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuitwaa ardhi yenyewe kuwa mali yake. Anayeeleza Tendaguru kama safari njema ya kisayansi, akaishia hapo, ameruka ukurasa.

Kazi ilidumu hadi mwanzoni mwa 1913. Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza misimu mitatu ya kwanza, kisha akafuata Hans Reck akiwa na mkewe Ina. Wazungu walikuwa wachache sana wakati wote. Wachimbaji wa Kiafrika walianza wakiwa zaidi ya mia moja, na kufikia kilele wakawa kama 500. Wengi walikuja na familia zao, na kambi ikageuka kijiji.

Walichofanya watu hao hakikuwa kupiga jembe tu. Kisukuku kilichokaa ardhini miaka milioni 150 huweza kupukutika kikiguswa vibaya, kwa hiyo udongo huondolewa kwa kisu na brashi karibu na mfupa, nyufa zikamiminiwa gundi ya miti, na mfupa ukafungwa ndipo unyanyuliwe. Plasta ya kuagiza kutoka Ulaya ilikuwa haba, ikabidi udongo wa palepale utumike. Mifupa mirefu ilifungwa kwa mianzi iliyokatwa karibu na kambi, ikapangwa pande zote na kukazwa kwa kamba. Baadhi ya vifurushi hivyo vya mianzi vilikaa Berlin zaidi ya karne moja bila kufunguliwa, na katika miaka ya karibuni watafiti wamevipiga picha kwa mashine za eksirei kama zile za hospitalini ili kuona kilichomo pasipo kukata kamba.

Aliyekuwa juu ya wachimbaji wote ni Boheti bin Amrani. Picha zake zipo, na Hennig alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1912. Boheti alijifunza kazi haraka hadi akawa fundi wa kuandaa mifupa na mwalimu wa wengine. Kwa jicho la leo yeye ni mtaalamu, ingawa katika ripoti za wakati ule alihesabiwa miongoni mwa vibarua. Mwaka 2007 mtafiti Kristian Remes alipochambua upya pingili mbili za shingo ya dinosaria wa Tendaguru aligundua kwamba ni za mnyama ambaye hajawahi kuelezwa, akamwita Australodocus bohetii. Ilichukua zaidi ya miaka tisini kwa Boheti kuingia katika orodha ambamo wakubwa wake waliingia mapema.

Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi hapakuwa na barabara ya gari, na mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe wa mizigo. Kila kitu kilibebwa na watu. Mpagazi mmoja alichukua kifurushi kichwani. Mifupa mikubwa ilining'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa kwa zamu. Maelfu ya mizigo ilishuka hivyo kwa mwendo wa siku kadhaa. Ilipofika Lindi ilipangwa kwenye makasha, ikapakiwa melini hadi Hamburg, kisha Berlin. Jumla yake ilizidi tani 200. Kila kilo ya uzito huo ilipita juu ya kichwa au bega la mtu wa kusini mwa Tanzania.

Ndani ya tani hizo alikuwamo yule mrefu. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, akimhesabu kuwa ndugu wa dinosaria aliyepatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900, na kumpa jina la Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Baadaye watafiti walichunguza tofauti za mifupa ya wanyama hao wawili wakaona wa Lindi anastahili jenasi yake peke yake, na uchambuzi wa Mike Taylor wa mwaka 2009 ulitia nguvu hoja hiyo. Leo wengi humwita Giraffatitan brancai, yaani jitu mfano wa twiga. Mifupa yake ilisimamishwa mwaka 1937. Kimo chake cha mita 13.27 ndicho kinachotambuliwa kuwa kirefu kuliko kiunzi kingine chochote cha dinosaria kilichosimamishwa ndani ya makumbusho. Uzito wake akiwa hai umekadiriwa kwa namna nyingi, kuanzia tani zisizozidi 20 hadi zile 78 za makadirio ya mwaka 1962. Pengo hilo linaonyesha ugumu wa kumpima mnyama ambaye nyama yake hakuna aliyeiona.

Tena hakuwa mkubwa kuliko wenzake. Mfupa wake mmoja wa muundi, ule mwembamba, una urefu wa sentimita 119. Wachimbaji walipata mwingine, wa mnyama wa aina hiyohiyo, wenye sentimita 134. Mjusi anayewashangaza watalii alikuwa na nduguye aliyempita.

Majirani zake walikuwa wengi. Dicraeosaurus alikuwa na shingo fupi kwa kipimo cha jamaa zake, akila mimea ya chini wakati Giraffatitan akifikia vilele vya miti. Kentrosaurus, mwenye urefu wa mita nne na nusu hivi, alikuwa na bamba za mfupa mgongoni upande wa mbele, na kuanzia katikati hadi mkiani miiba mirefu iliyochongoka. Mamia ya mifupa yake yalipatikana. Elaphrosaurus alikuwa mwepesi na mwenye miguu mirefu, kiunzi kimoja tu cha maana kikipatikana. Kulikuwa pia na wala nyama wakubwa, lakini hao wanajulikana zaidi kwa meno na pingili chache. Angani waliruka wanyama wenye mbawa za ngozi, na majini waliishi mamba wadogo, papa na samaki wenye magamba mazito.

Halafu yuko Dysalotosaurus, mla majani mdogo aliyetembea kwa miguu miwili. Mahali paitwapo Kindope, kaskazini ya kilima, mifupa yake ilipatikana kwa maelfu, wakubwa kwa watoto. Mkusanyiko huo umewawezesha watafiti kufuatilia jinsi aina moja ya dinosaria ilivyokua tangu udogoni, jambo ambalo ni nadra. Mwaka 2011 wengine walieleza pingili ya Dysalotosaurus yenye dalili zinazofanana na ugonjwa wa mifupa wa Paget unaowapata binadamu. Jina lake kamili, Dysalotosaurus lettowvorbecki, lilitolewa mwaka 1919 kumtukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu. Miaka miwili kabla, Oktoba 1917, jenerali huyo alipigana na Waingereza huko Mahiwa, ndani ya Lindi hiyohiyo, katika vita vilivyomaliza mashamba na wapagazi. Sheria za kutoa majina ya wanyama haziruhusu kulibadilisha kwa sababu tu ya aliyetajwa. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika nao walipeleka wachimbaji, kati ya 1924 na 1931, kwa niaba ya makumbusho yao ya London. Kiongozi wa kwanza, William Cutler, alitoka Kanada na hakuwa na uzoefu wa Afrika, akapewa msaidizi kijana anayekijua Kiswahili. Huyo alikuwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, ambaye jeraha la kichwa la mchezo wa raga lilimlazimu kupumzika masomo Cambridge. Leakey alikaa miezi kadhaa, akajifunza kwa Cutler namna ya kufunga na kuhifadhi mifupa, ujuzi alioutumia baadaye Olduvai. Cutler alibaki, na mwaka 1925 malaria ikamuua. Amezikwa Lindi. Waliomfuata hawakuwa na fedha wala bahati ya Wajerumani. Kiunzi kimoja kikubwa walichokipata kilikaa London kwa miongo mingi bila jina rasmi, wataalamu wakikiita kwa utani Askofu Mkuu.

Mifupa ya Berlin ilionja vita vingine. Mjusi alishushwa na kuhifadhiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tarehe 3 Februari 1945 mabomu yaliangukia jengo la makumbusho, na sehemu kubwa ya mifupa ya Dysalotosaurus iliangamia wakati wa vita hivyo. Mjusi mwenyewe alisalimika, akasimamishwa tena katika miaka ya hamsini. Mwaka 1984 alisafirishwa mpaka Tokyo kwa maonyesho. Mwaka 2005 alibomolewa kwa ukarabati wa ukumbi, na 2007 akarudi akiwa amesimama kwa namna nyingine, miguu imenyooka zaidi chini ya mwili, kwa kuwa sayansi ilikuwa imebadili mawazo kuhusu mwendo wa wanyama hawa.

Lakini ugunduzi unaofundisha zaidi haukutoka kwenye mfupa mkubwa. Mifupa ya Kindope ilisafirishwa ikiwa na udongo uliogandamana nayo, udongo ambao mtu mwenye haraka angeutupa. Katika miaka ya 1990 Wolf-Dieter Heinrich na wenzake wa Berlin waliuyeyusha na kuuchekecha, wakapata meno na taya za wanyama wadogo kama panya. Hao walikuwa mamalia, jamaa za kale za sisi tunaonyonyesha, walioishi miguuni mwa majitu. Mamalia wa umri ule kutoka Afrika ni wachache mno, na hawa walikaa kwenye masanduku miaka themanini bila kujulikana. Mwaka 2000 watafiti wa Kijerumani na Kitanzania walirudi Tendaguru wenyewe, safari hii zaidi kwa ajili ya mawe, wapime tabaka, wakusanye chavua na makombe, waelewe mazingira. Mengi yaliyoelezwa hapo juu kuhusu fungu, wangwa na misitu yametokana na kazi ya namna hiyo.

Hapa ndipo mjadala wa kurudisha mjusi unapohitaji kupanuliwa. Wabunge na wananchi wa Lindi wameuliza mara nyingi kwa nini mali ya kwao inaingiza fedha Ujerumani huku njia ya kwenda kilimani ikiwa ya vumbi. Swali ni halali. Mei 2018, wakati Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani Heiko Maas alipozuru Tanzania, mwenzake Augustine Mahiga alisema serikali haitadai mjusi arudishwe, bali inataka ushirikiano katika uchimbaji na utalii. Wengine waliona ni unyonge, wengine wakaona ni busara, kwa sababu kiunzi cha aina hiyo kinahitaji jengo, vifaa na mafundi wa kukitunza kila siku.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, pande zote mbili zimemtazama mno mjusi mmoja. Akirudi kesho Tanzania ikawa bado haina wataalamu wa kutosha wa visukuku, tutakuwa na sanamu kubwa tu. Na akibaki Berlin, haki haitatimia kwa picha na nakala za plasta. Kipimo cha ushirikiano kiwe vijana wangapi wa Kitanzania wanasomeshwa kuchimba, kuandaa na kuandika juu ya mifupa, na ni tabaka ngapi za Tendaguru wamezisoma wao wenyewe.

Kwamba inawezekana, mfano upo kwa upande wa magharibi. Katika mawe mekundu ya mchanga ya Galula, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Marekani wamefanya kazi pamoja tangu mwanzoni mwa karne hii. Huko kumetoka Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa ajabu mwenye meno ya kutafuna, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la Profesa Saidi Kapilima wa chuo hicho. Huko kumetoka Shingopana na Mnyamawamtuka, dinosaria ambao msomaji wa gazeti hili hahitaji kamusi kuyaelewa majina yao. Mawe ya Galula ni machanga kuliko ya Tendaguru kwa mamilioni ya miaka, lakini mpangilio wa kazi ni mchanga zaidi, na bora zaidi.

Miamba ya Tendaguru haijaisha. Wachimbaji wa zamani walifuata mifupa mikubwa iliyojitokeza juu, wakaacha maeneo mengi ambayo hayajaguswa, na kila masika mvua huondoa udongo na kufichua mifupa mingine. Kwa wakazi wa Lindi, Mtwara, Songwe na Ruvuma, na yeyote anayelima, kuchimba kisima au kutengeneza barabara katika mawe ya namna hii: ukikuta jiwe zito lenye umbo la mfupa, usilivunje, usilinyanyue wala usimuuzie mtu. Liache palepale, litie alama, piga picha, kisha utoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Mfupa ukishang'olewa bila kuandikwa ulikotoka, hata profesa hodari hawezi kukwambia tena ni wa enzi gani.